Siku Waliposahau Kuniposa

Watu walikuja kwetu kuniposa, wakala, wakanywa, wakabishana saa tatu nzima, wakaondoka bila kuniposa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani baadaye natia chumvi. Sitii. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimevaa kitenge kipya na wanja machoni, na kila neno nililisikia. Hawakunitaja hata mara moja.

Tulikuwa tunakaa Quartier Asiatique, hapa Bujumbura. Garaji ya baba ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na kati yake mlango mmoja usiofungika vizuri, kwa hiyo wali wetu ulinukia dizeli na wateja wa baba walinukia vitunguu vya mama. Baba alikuwa fundi wa pampu za dizeli. Siku hizo za vita, nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka ili kuibana serikali iliyoingia kwa mapinduzi. Vipuri haviji, mafuta ni ya kutafutana, sukari ukiipata unaificha hata kwa dada yako. Basi baba akawa mfalme wa kuchonga. Alichukua chuma cha gari hili, akakipiga tupa siku tatu, kikaingia kwenye gari lile kama kilizaliwa humo. Watu walimheshimu sana kwa hilo, na yeye mwenyewe alijiheshimu zaidi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kwa majirani zetu umri huo tayari ulikuwa kesi.

Aliyenitaka alikuwa fundi wa umeme wa magari kutoka Kinama, kule kaskazini. Alikuja kwa baba kutafuta waya. Kesho yake akarudi kutafuta waya. Siku ya tatu nikamwuliza, "We kaka, hilo gari lako linakula waya?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi maneno ninayo ya kutosha watu wawili, kwa hiyo tuliona tunafaana. Nilimpenda. Sioni aibu kulisema, nimeshakuwa mtu mzima.

Kilichonitia haraka ilikuwa barua ya shangazi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliolewa Kigoma miaka mingi nyuma, na ndiye aliyemlea baba baada ya mama yao kufariki. Baba hajawahi kumwambia shangazi neno "apana" tangu azaliwe. Barua ilikuwa fupi: nitafika karibuni, mwanangu amekua, binti yako amekua, usimwahidi mtu. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya Msahafu kama vile hapo itapoa.

Mambo yalikuwa wazi. Posa ya kijana wangu ikipokelewa kabla shangazi hajafika, naolewa na ninayempenda, maana baba akishatoa neno mbele ya watu hatalirudisha. Isipopokelewa, naenda Kigoma kuolewa na binamu niliyemwona mara moja tu, akiwa na miaka tisa, analia kwa sababu kuku amemkimbiza.

Sasa nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyoniponza. Kwetu, mposaji haji kusema mwenyewe. Anakuja na wazee, na mmoja wao ndiye msemaji. Kijana anakaa pembeni, anaangalia magoti yake, na akifungua mdomo ameharibu. Binti yuko nyuma ya pazia, naye hana ruhusa ya kusema lolote juu ya posa yake. Baba wa binti hawezi kuuliza "mmekuja kwa nini," ni ukosefu wa adabu. Anasubiri. Na wageni hawawezi kuingia na kutaja jambo lao moja kwa moja kama watu wanaodai. Lazima kwanza wale, wanywe chai, waulizane habari za dunia. Kisha msemaji anakohoa, anasema, "Tumekuja kuomba." Maneno hayo mawili. Bila hayo hakuna posa, hata mkikaa mpaka kiama.

Walikuja Jumapili baada ya swala ya adhuhuri. Walikuwa watatu: kijana wangu, mjomba wake aliyekuwa msemaji, na mzee mmoja mfupi wa kujazia kiti. Mjomba alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbilia nchini mwetu na kuuza vitenge sokoni. Sauti yake ilitosha soko zima. Waliweka kapu lao karibu na mlango, na mama alilichungulia kupitia tundu la pazia.

"Sukari," akanong'ona. "Kilo tano. Wallahi, kilo tano."

Kapu halitolewi mpaka neno lisemwe. Mama alilikodolea macho kama mtu anayeangalia ndugu yake kwenye kituo cha basi.

Wakala vizuri. Chai ikaja. Habari za Kinama? Tunashukuru. Habari za kazi? Tunavumilia. Mjomba alikuwa ameshajikohoza kidogo, nilisikia kabisa, nikamshika mama mkono. Hapo ndipo redio kwenye rafu ikaanza taarifa ya habari ya Kiswahili. Nani aliiacha wazi? Baba. Nani mwingine angeiacha?

Redio ikasema mataifa makubwa yanataka rais wa nchi fulani ya mbali aondolewe. Mjomba, kwa adabu tu, ili kujaza kimya, akasema, "Na wamuondoe. Kama watu wake hawana nguvu, nani atawasaidia?"

Nikasikia kikombe cha baba kinatua kwenye sahani.

"Mzee," akasema baba taratibu, "unasema kweli, ao ni mchezo?"

Mama akafumba macho. "Ya Rabi," akasema. "Amemgusa."

Lazima mjue kwamba baba alikuwa na jambo moja duniani ambalo hawezi kuliacha lipite, nalo ni hilo. Kwamba mtu wa nje anaweza kuingia nchi ya watu, akaondoa serikali, akaweka nyingine, na mambo yakanyooka. Aliwafukuza wateja wawili kwa ajili ya hilo. Mmoja alikuwa mteja mzuri.

"Mi nasema kile niliona," akajibu mjomba, akasogeza kiti. "Nilikuwa Uvira. Yule rais wetu mzee alitukalia miaka thelathini. Thelathini, fundi! Sisi wenyewe tulimushindwa. Wakaja askari wa nje pamoja na waasi wetu, mwaka haukuisha, akakimbia. Watu walicheza barabarani. Mi nilicheza, na miguu yangu hii mibaya. Sasa hiyo si kushinda?"

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Nakuuliza. Mulicheza. Halafu?"

Mjomba akainua kikombe, akanywa.

"Halafu," akasema baba, "hao walioleta mutu wao wakagombana na mutu wao. Leo wanapigana naye. Na we uko wapi? We uko kwangu, unakunywa chai. Kama ilishinda, mbona haukai Uvira?"

"Kweli kabisa," akasema mzee mfupi.

Lo! Nikadhani mjomba atakasirika. Wapi! Alipiga paja, akacheka kwa furaha. Kumbe naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa ule ule. Miezi mingi alikuwa hajapata mtu wa kubishana naye sawasawa.

"Bon, sawa," akasema. "Angalia na hapa kwenu. Majirani wamefunga mipaka. Si ndiyo sababu wakubwa wenu wamekubali kukaa mezani kule Tanzania? Bila kubanwa wangekaa?"

"Wamebanwa nani? Mkubwa gani amekosa sukari? Mi ndiye nimekosa sukari! Mama watoto ananipimia na kijiko cha mtoto!"

"Lakini wamekaa mezani."

"Wamekaa. Wanakula."

"Kweli kabisa," akasema mzee mfupi, ambaye alikubaliana na kila aliyesema mwisho.

Mama akaniambia niangushe kitu. Nikaangusha sahani ya bati. Baba akasema "Pole," bila kugeuza kichwa, akaendelea. Nikakohoa. Mjomba akasema, "Mutoto apewe maji," akaendelea. Nilitamani kutoka nikazime ile redio kwa nyundo, ingawa redio yenyewe ilikuwa imeshamaliza habari zamani na ilikuwa inapiga muziki peke yake.

Nikiri jambo moja. Kuna mahali walinivuta hata mimi. Mjomba alimwuliza baba, "We fundi, kila siku unatia chuma cha gari lingine ndani ya gari la watu, na linatembea. Sasa kwa nini nchi isitembee?" Nilisogeza sikio. Hilo lilikuwa swali.

Baba alifikiri. Kisha akasema, "Kwanza, mwenye gari ameniletea mwenyewe. Mi sivunji mulango wa mutu usiku nikafungua boneti. Pili, nakichonga kile chuma mpaka kinakubali, sikipigi nyundo. Tatu, injini ikiwaka mi siondoki. Nakaa hapo na shahada yangu mukononi mpaka najua inapumua. Hao wako wanafanya gani kati ya hayo?"

"Shahada gani?" akauliza mjomba.

"Tupa. Tupa ndiyo shahada yangu."

Wakacheka wazee wote watatu, hata mama akacheka kwa pua. Mimi peke yangu nilikuwa naangalia kivuli cha jua kwenye ua. Basi dogo la mwisho la Kinama lilikuwa linaondoka mapema, kwa sababu ya kuvrefeu, ile amri ya kila mtu kuwa ndani. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye pipa la maji. Nilimwona kijana wangu kupitia tundu. Alikuwa ameinamia magoti yake kama alivyofundishwa, lakini kila mara aliiba jicho kutazama jua mlangoni.

"Basi! Tutaachwa na basi!" akaruka mjomba.

Wakasimama. Wakapeana mikono, wakaombeana dua, wakapigana mabega. Mjomba akasema, "Fundi, hatujamaliza!" Baba akasema, "Hatujamaliza hata kidogo!" Mzee mfupi akabeba kapu kwa mazoea, maana alikuja nalo. Kijana wangu alisimama mlangoni, akageuka kulitazama pazia, akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona kapu linatoka. Nikaona mgongo wake unatoka.

"Wameposa?" nikamwuliza mama, ingawa nilijua.

"Wameposa serikali," akasema mama, akaketi chini juu ya mkeka.

Baba akaingia anafuta jasho, uso unang'aa. "Watu wazuri sana," akasema. "Yule mzee ana akili, amepotea tu kidogo."

"Na mtoto?" akauliza mama.

"Mtoto gani?"

Sijawahi kumwona mama akivua kandambili haraka hivyo. Hakumpiga, lakini aliivua. Ndipo uso wa baba ukabadilika taratibu, akatazama pazia, akatazama mahali kapu lilipokuwa, akasema, "Astaghfirullah." Akakaa. Lakini afanye nini? Baba wa binti hawakimbilii waposaji barabarani. Mimi nililia usiku kucha, kisha asubuhi nikaanza kucheka, kisha nikalia tena kwa sababu nilicheka.

Baadaye nilisikia kwamba mjomba alikumbuka wakiwa ndani ya basi, karibu na Gasenyi, akapiga yowe mpaka dereva akafunga breki akidhani ni shambulio. Aliapa atarudi Jumapili ifuatayo. Lakini Jumatano risasi zikalia upande wa kaskazini na barabara ya Kinama ikafungwa. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka. Siku hizo sikuwa na mzaha. Niliogopa, nikajiona mjinga kwamba nililia kwa ajili ya posa wakati sijui kama huyo mtu yuko hai.

Na katikati ya hayo, shangazi akafika.

Alipita mpaka wa kusini kwa njia anazozijua yeye, na mabegi manne, na chupa ya mawese, na sauti. Salamu zilipoisha akasema Kiswahili chetu kimevunjika miguu na jiko letu limekaa mahali pabaya. Siku ya pili jiko lilihama. Siku ya tatu mama alikuta amepangiwa zamu ya kupika ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shangazi alikalia kiti cha baba, baba akahamia kwenye kigoda cha garaji. Aliteremsha pazia langu, akalifua, akaliweka dirishani. Hata redio aliihamishia chumbani kwake na kufunga mlango, nasi tukadhani ni mambo yake ya taarabu.

"Nimekuja kuwatengeneza," alisema. "Mmejiachia."

Baba, simba wa mijadala, alikuwa anauliza ruhusa ya kuongeza chumvi. Na kila alipojaribu kuanza, "Dada, kuhusu mtoto," shangazi alisema, "Kuhusu mtoto nimeshaamua. Wiki ijayo naondoka naye."

Barabara ya Kinama ilifunguliwa Ijumaa ya wiki ya pili. Jumamosi asubuhi kijana wangu akatokea garajini, amekonda, na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuja kutafuta waya. Nikampa waya. Waya ukaniponyoka, akauokota, akanong'ona, "Kesho. Mjomba ameapa hatataja hata jina la nchi moja."

Wakaja. Kapu lile lile, ingawa safari hii sukari ilikuwa imepungua kidogo, Kinama walikuwa wameila siku za kufungiwa, na hakuna aliyewalaumu. Shangazi akaketi nao sebuleni, kwenye kiti cha baba. Mimi na mama tulikaa nyuma ya mlango, maana pazia lilikuwa dirishani.

Ilikuwa chai ya kimya kuliko zote nilizowahi kupika. Habari za Kinama? Mungu mkubwa. Habari za dunia? Hapo wote wakaangalia vikombe vyao. Baba alifungua mdomo, mjomba alifungua mdomo, wote wakafunga. Ndipo mjomba akakohoa, jasho likimtoka, akasema kwa haraka kama mtu anayemeza dawa, "Tumekuja kuomba."

Alhamdulillahi! Mama alinifinya mpaka nikapiga kelele ndani kwa ndani.

"Mmechelewa," akasema shangazi. "Huyu binti ana mwenyewe, Kigoma."

Kila mtu akamtazama baba. Baba akatazama mikono yake. Nilimjua baba yangu. Nilijua ile shingo inapoinama hivyo itakubali. Niliona maisha yangu yote yanapanda basi la kusini, na yule binamu na kuku wake.

Sikuwa na ruhusa ya kusema neno juu ya posa yangu. Lakini hakuna desturi, popote, inayosema binti asizungumze siasa.

"Baba," nikaita kutoka nyuma ya mlango. "Samahani. Nina swali la habari za dunia."

Mama alinishika kitenge. Nikamponyoka.

"Uliza," akasema baba, bila kuinua kichwa.

"Mtu wa nje akiingia nyumba ya watu, mwenye nyumba hajamwita. Akahamisha jiko. Akaondoa aliyekuwepo, akaweka wa kwake. Akaamua ya watoto bila kuuliza watoto. Hiyo serikali, baba, itasimama?"

Nilisikia kikombe kinatua kwenye sahani. Sauti ile ile.

"Mtu wa nje nani?" akauliza shangazi.

Mjomba, maskini, alikuwa anaonekana kama mtu anayeshikilia kikohozi. Alikuwa ameapa. Baba alikizungusha kikombe kwenye sahani. Najua alikuwa anapima nini. Yule mwanamke alimbeba mgongoni akiwa mdogo, alimwachia yeye chakula chake. Kisha akainua kichwa, na macho yake yalikuwa na maji.

"Apana," akasema. "Haisimami. Nimesema hivyo kwa watu wote wa mji huu, nitasema tofauti kwa mutoto wangu?" Akamgeukia shangazi. "Dada. We ni mama yangu. Lakini apana."

Ilikuwa mara ya kwanza. Shangazi alimtazama kama anamwona leo. Alisimama, akanyoosha khanga yake, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Baba akamwambia mjomba, "Tumewasikia. Tumewapa." Mjomba akalia waziwazi, mzee mfupi akasema, "Kweli kabisa," na kapu likavuka sebule mpaka mikononi mwa mama. Kijana wangu aliendelea kuangalia magoti yake kwa adabu, ila alikuwa anatabasamu, hata magoti yake yalijua.

Kesho yake nilimkuta shangazi anafunga mabegi. Nilikwenda kuomba msamaha, kwa kweli nilikwenda pia kuona kama amekasirika sana. Redio ilikuwa juu ya kitanda, inasema kwa sauti ndogo. Haikuwa taarabu. Ilikuwa habari.

"Shangazi, nisamehe. Binamu yangu nitamwandikia barua mwenyewe."

"Umwandikie nini? Hajui lolote. Ana mchumba wake Kigoma, nguo za harusi zimeshashonwa."

"Ala! Sasa ungenioza kwa nani?"

"Ningejua huko mbele." Akakunja khanga, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilitaka utoke hapa tu. Angalau mmoja wenu alale bila kusikiliza ukuta. Unajua mimi kule naishije? Wakitaja Bujumbura kwenye redio, naacha chungu kwenye moto, nasubiri waseme ni mtaa gani."

Nilikaa kitandani.

"Mbona hukutuuliza, shangazi?"

"Niwaulize nini? Ninyi watu wa Bujumbura mkiulizwa mnasema tuko salama, tunashukuru, na ukuta una tundu la risasi." Akafunga zipu ya begi. "Chumba kiko kule kwangu. Nimekitia kitanda na chandarua. Hakuna anayelala humo."

Akaondoka asubuhi hiyo. Mama alirudisha jiko mahali pake, kisha siku mbili baadaye akalihamisha tena pale shangazi alipoliweka, kwa sababu moshi ulikuwa unatoka vizuri zaidi. Baba na mjomba waliendelea kubishana kila Jumapili kwa miaka, na harusi yetu ilichelewa saa nzima kwa sababu yao. Hawakumaliza kamwe. Kila mmoja alisema mimi nimethibitisha maneno yake: baba, kwa sababu shangazi alishindwa; mjomba, kwa sababu bila yeye mtu wa Uvira kuingia na kapu, shangazi angeshinda.

Mimi nina jibu langu, na nililipata baadaye, mwaka ambao mabomu yalianza kudondoka mjini kutoka milimani. Tulikuwa na watoto wawili. Moja lilianguka mtaa wa pili na kikombe kikadondoka mezani chenyewe, na mtoto wetu mdogo hakulia, alikiokota tu kama jambo la kawaida. Nilipoona halii, nikaanza kufunga nguo. Baba alikataa kuacha garaji yake, na mama alikataa kumwacha baba. Alituletea gari la rafiki, injini ya vipande vya magari matatu, akasema litafika. Likafika.

Kigoma tuliingia mchana. Shangazi alikuwa amezeeka, redio iko mapajani. Alitutazama pale mlangoni, mmoja mmoja, akahesabu watoto. Hakusema karibu. Alisubiri. Na nilijua anasubiri nini, lakini mimi, mwenye maneno ya watu wawili, nikabaki kupangusa vumbi usoni mwa mtoto.

Mume wangu akasogea mbele. Yeye ambaye kwenye posa yake mwenyewe hakuruhusiwa hata neno.

"Shangazi," akasema, "tumekuja kuomba."

Shangazi akazima redio. "Ingieni," akasema. "Chandarua nimekifua juzi."